Kupanda na Kushuka: Somo la Afya kutoka kwa Wacheza Gofu na Vilima vya Chimwaga



Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kuongea juu ya dawa ambayo haiuzwi dukani, haina foleni dirishani na haihitaji sindano. Dawa hiyo ni kutembea, hasa kutembea mahali penye mwinuko. Ili tuelewane vizuri tutaanza na mchezo ambao wengi wetu tunauona kuwa ni wa matajiri, yaani gofu. Kisha tutarudi nyumbani Dodoma, kwenye vilima vya Chimwaga kilipojengwa Chuo Kikuu, na tutaona kwamba faida kubwa ya mchezo ule tunayo mlangoni bila kulipa kiingilio.

KWA NINI TUNAONGEA HAYA

Sisi tuliofanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi tumeona wodi zikibadilika. Zamani vitanda vilijaa malaria, kuhara, surua na kifua kikuu. Magonjwa hayo bado yapo na tusiyasahau. Lakini siku hizi tunapokea wagonjwa wengi wa namna nyingine. Baba wa miaka 50 analetwa alfajiri, mdomo umepinda, mkono na mguu wa upande mmoja haviinuki. Ndugu wanasema, "Jana alikuwa mzima kabisa." Tukimpima tunakuta presha iko juu sana, naye hajawahi kupimwa hata mara moja. Hicho ni kiharusi.

Kiharusi hakimpigi mtu mmoja tu. Mama anaacha biashara yake ili amgeuze mgonjwa kitandani. Ng'ombe wanauzwa mnadani mmoja mmoja. Binti anakosa ada. Ndiyo maana tunasema ugonjwa huu ni wa familia nzima.

Wala si jambo la wachache. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la damu, na karibu watu 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Wengi wao walikuwa hawajui.

Chanzo si kimoja. Chumvi nyingi, mafuta mengi, pombe, sigara, unene na urithi wa ukoo vyote vinahusika. Lakini kipo kimoja ambacho hatukiangalii sana: tumeacha kutembea. Babu zetu wa Ugogo walitembea kwenda kisimani, kwenda kuchunga, kwenda mnadani na kurudi. Leo kijana anapanda bodaboda kwenda dukani mita 400. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, mji umekua, ofisi zimeongezeka, na kazi za kukaa kwenye kiti zimeongezeka pia. Mwili aliotupa Mungu uliumbwa utembee. Ukikaa tu, unaharibika kama jembe linaloachwa nje kwenye mvua.

GOFU NI MCHEZO WA KUTEMBEA

Wengi tumeona gofu kwenye televisheni tu: mtu anapiga mpira mdogo kwa fimbo, watu wanapiga makofi. Kinachokatwa kwenye picha ni safari iliyo katikati ya pigo na pigo. Uwanja kamili una mashimo 18, na huchukua hekta 50 au zaidi. Mchezaji anayemaliza mashimo yote kwa miguu hutembea kama kilometa 8 hadi 10, kwa muda wa saa nne hivi. Kupiga mpira wenyewe ni dakika chache tu. Kazi kubwa ni ya miguu.

Mchezo huu ulikua katika nchi ya Scotland. Mji wa St Andrews unajulikana kwa mambo mawili: chuo kikuu cha zamani sana, na uwanja wa gofu ambako mwaka 1764 mashimo yalipunguzwa kutoka 22 kuwa 18, hesabu inayofuatwa duniani kote hadi leo. Uwanja ule si wa klabu ya watu wachache, ni wa umma. Na lipo jambo zuri la kujifunza: kwa desturi siku ya Jumapili uwanja mkongwe hufungwa kwa gofu, na watu wa mji huingia kutembea na watoto wao. Kwa hiyo hata huko gofu ilikozaliwa wanajua kwamba mwenye miguu anafaidi uwanja hata kama hana fimbo.

Afrika Mashariki gofu ililetwa wakati wa ukoloni. Klabu ya Entebbe, Uganda, ilianza mwaka 1901. Hapa kwetu viwanja vipo Dar es Salaam, Arusha, Moshi, na Morogoro chini ya milima ya Uluguru. Uwanja ukiwa na mwinuko, mchezaji hupata mazoezi zaidi, kwa sababu kila shimo linamdai apande au ashuke.

Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walitoa matokeo ya uchunguzi wa wacheza gofu wapatao 300,000. Waliona kwamba vifo kati yao vilikuwa pungufu kwa asilimia 40 kuliko kwa watu wengine wa umri, jinsia na hali ya maisha kama yao. Tusikimbilie kusema kwamba gofu peke yake ndiyo iliyowaokoa. Huenda watu wale pia hawavuti sigara sana, na mtu mgonjwa hawezi kucheza. Lakini kutembea saa nne kwenye hewa safi, mara kwa mara, kwa miaka mingi, hakukosi kuwa na sehemu yake.

Sasa tumtazame kedi, yaani yule anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo. Yeye hana klabu wala kadi ya uanachama. Lakini anatembea kilometa zile zile, na mzigo begani juu yake. Moyo wake unapata mazoezi sawa na ya tajiri anayemfuata, au zaidi. Na yule tajiri anayezunguka uwanja akiwa amekaa kwenye kigari cha umeme anapata burudani tu. Dawa ameiacha chini, kwenye majani.

VILIMA VYA CHIMWAGA

Vyuo vikuu vyetu vya umma vinapenda vilima. Makerere iko juu ya kilima mjini Kampala. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam watu wote wanakiita Mlimani. Na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimejengwa Chimwaga, mashariki ya mji, kwenye eneo la takriban hekta 6,000. Ndaki zake zimetawanyika juu ya vilima: elimu, sayansi za jamii, sayansi za afya, na nyingine. Kutoka ndaki moja hadi nyingine ni mwendo wa kweli, wenye kupanda na kushuka. Katika eneo hilo hilo iko Hospitali ya Benjamin Mkapa, inayotibu magonjwa makubwa ya moyo na figo. Tunapenda kusema hivi: barabara inayopanda kilima inaweza kumpunguzia mtu safari ya kwenda kulazwa hospitali iliyo juu ya kilima.

Somo letu haliombi Dodoma ijengewe uwanja wa gofu. Nchi yetu ni kavu. Mvua inanyesha msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na majani ya gofu hutaka kumwagiliwa. Katika nchi kavu wengine hucheza kwenye viwanja vya mchanga uliochanganywa na mafuta mahali pa majani. Lakini njia ya kutembea haitaki hata ndoo moja ya maji. Nasi tunazo njia nyingi. Asiye karibu na Chimwaga anacho Mlimwa, au Imagi, au kilima chochote cha mawe nyuma ya kijiji chake. Vijijini kwetu ni nadra kukosa mwinuko.

MWILI UNAFANYA NINI UKIPANDA NA KUSHUKA

Ukipanda, misuli ya mapaja na ya nyuma ya miguu inainua uzito wako wote kila hatua. Inadai hewa na damu zaidi, kwa hiyo moyo unaongeza mapigo. Moyo nao ni msuli. Ukizoezwa mara kwa mara unapata nguvu, mishipa ya damu inalegea vizuri, na presha inashuka. Kwa mtu mwenye presha, mazoezi ya kila wiki huweza kushusha namba ya juu kwa 5 hadi 8. Inaonekana ndogo, lakini inapunguza hatari ya kiharusi.

Misuli inayofanya kazi pia inavuta sukari kutoka kwenye damu, hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari anaambiwa atembee.

Je, kushuka ni kupumzika tu? Hapana. Unaposhuka misuli inafanya kazi ya breki. Mwaka 2004 madaktari wa Austria walitoa matokeo ya jaribio zuri sana. Watu 45 walipanda mlima kwa miguu na kushuka kwa gari la kamba kwa miezi miwili, kisha miezi miwili mingine wakafanya kinyume chake. Kupanda kulipunguza zaidi mafuta kwenye damu. Kushuka kulisaidia zaidi mwili kutumia sukari vizuri. Sisi hatuna gari la kamba, kwa hiyo tunapata vyote viwili kwa safari moja.

Hata ngazi zinatosha. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris wa Uingereza aliandika juu ya mabasi ya London yenye ghorofa. Dereva alikaa siku nzima, kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, ingawa walifanya kazi kwenye basi moja.

Tena ushahidi tunao jirani. Wahadza wanaoishi pembeni ya Ziwa Eyasi, hadi Mkalama mkoani Singida, hutembea kutafuta mizizi, asali na nyama. Watafiti waliowapima walikuta wanafanya kazi ya kutoa jasho kwa zaidi ya saa moja kila siku, na wazee wao wengi wana mioyo imara.

JINSI YA KUANZA

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ni dakika 30 kwa siku, siku 5. Mtoto wa shule apate dakika 60 kila siku. Usianze kwa pupa. Fuata hatua hizi:

1. Wiki ya kwanza na ya pili: tembea tambarare dakika 10 hadi 15, siku 5.

2. Wiki ya tatu na ya nne: dakika 20, na humo uweke mwinuko mdogo mmoja.

3. Wiki ya tano na ya sita: dakika 30, nusu kupanda na nusu kushuka.

4. Baada ya hapo ongeza mwinuko kabla ya kuongeza mwendo.

Utajuaje kama mwendo unatosha? Kipimo ni mdomo wako. Ukiweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba, mwendo ni mzuri. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza kidogo. Ukishindwa hata kujibu salamu, punguza.

Unapopanda, piga hatua fupi na inama mbele kidogo. Mlima ukiwa mkali, pita kwa kukata kona kama wafanyavyo mbuzi. Unaposhuka, kunja magoti kidogo, usikimbie. Fimbo ya kutembelea si aibu. Inapunguza uzito kwenye magoti, hasa kwa wazee.

TAHADHARI

Ifuatayo isomwe polepole, hata mara mbili.

Kwanza, mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea, au mwenye ndugu aliyepata kiharusi, apime presha na sukari kabla ya kuanza kupanda mlima. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, apate ushauri. Ikifika 180 kwa 110, asianze mazoezi mpaka itulizwe kwa dawa.

Pili, simama mara moja na uende hospitali ukisikia maumivu au kubanwa kifuani, kizunguzungu, giza machoni, au pumzi kukata kuliko kawaida. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, usisubiri kesho wala usipelekwe kuchanjwa. Nenda hospitali saa ile ile.

Tatu, mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asitembee akiwa na njaa. Abebe pipi au sukari mfukoni. Akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, ale mara moja. Avae viatu vilivyofunika vidole, na soksi. Hapa kwetu miiba ni mingi, na mwenye kisukari anaweza kuchomwa asisikie. Kila jioni aangalie nyayo zake, au mtoto amwangalizie. Kidonda kidogo kisichotunzwa kimekata miguu ya watu wengi.

Nne, mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Mwenye selimundu asijilazimishe, anywe maji na apumzike mara kwa mara. Mama mjamzito mwenye afya njema anaweza kutembea, lakini achague njia isiyoteleza, na aache kama kuna damu au maumivu.

Tano, jua. Oktoba na Novemba joto ni kali. Tembea saa 12 hadi saa 1 asubuhi, au jioni jua likipoa. Kunywa maji kabla na baada. Wakati wa masika jihadhari na makorongo. Maji hushuka kwa ghafla hata kama kwako hakujanyesha. Mjini tembea upande unaoyaona magari yakija, na usitembee peke yako gizani. Ukitaka kupita ndani ya eneo la chuo au taasisi yoyote, zungumza kwanza na walinzi na ufuate barabara zilizopo.

Na jambo la mwisho: mazoezi hayaondoi dawa. Tunaona watu wanaojisikia vizuri baada ya mwezi mmoja wa kutembea, wakaacha vidonge vya presha wenyewe. Ni hatari. Anayepunguza dawa ni daktari, baada ya kupima.

MASWALI TUNAYOULIZWA KLINIKI

"Mimi nalima. Je, nahitaji kupanda mlima?" Mkulima wakati wa kulima anapata mazoezi ya kutosha. Lakini kiangazi, miezi ya kukaa chini ya mti ni mirefu. Kipindi hicho ndicho cha kutembea.

"Mama anayepanda mlima bila shughuli, watu si watamcheka?" Watamcheka wiki mbili, wiki ya tatu watamwuliza anakwenda saa ngapi. Watembee akina mama wawili watatu pamoja. Hata mazungumzo yao ni dawa.

"Unene si dalili ya maisha mazuri?" Tumbo kubwa si cheo. Ni mzigo ambao moyo unaubeba usiku na mchana, bila hata kedi wa kuupokea.

"Chakula je?" Ugali wa uwele au mtama kwa mlenda ni chakula chema. Tuupunguzie chumvi na mafuta, na soda tuziachie sikukuu.

TUJADILI NYUMBANI

Tunaomba familia zikae pamoja jioni moja na kujibu maswali haya:

1. Ni nani katika nyumba yetu hajawahi kupimwa presha? Atapimwa lini?

2. Ni safari gani tunayopanda bodaboda ambayo tungeweza kwenda kwa miguu?

3. Kilima kilicho karibu nasi ni kipi, na nani atatembea na bibi au babu?

Wapendwa, wacheza gofu hulipa fedha nyingi ili wapate sababu ya kutembea kilometa 8. Sisi vilima tumepewa bure. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Anza na dakika 10 kesho asubuhi, na ukipita mlangoni kwa jirani, mwite mwende pamoja.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaongea juu ya utunzaji wa miguu ya mgonjwa wa kisukari. Tunawatakia afya njema.